Tundu la Fuko

Umeniuliza, Joost, mbele ya darasa zima la kipaimara,
wenzako wakichekea ndani ya mikono ya sweta zao:
"Babu Krijn, kama tumeokolewa bure,
mbona kila usiku unatembea juu ya tuta la bahari
na kandili, na koleo, na hilo goti lako bovu?"
Mchungaji alikohoa. Mimi nikatazama viatu vyangu vya mti.

Sikukujibu pale. Sina ulimi wa mimbari.
Nakujibu sasa, kwa penseli,
nyuma ya risiti za mbegu za viazi.

Hapa Zeeland bahari iko juu, sisi tuko chini.
Ng'ombe wanalisha pale ambapo samaki wangepita.
Kinachotutenga ni udongo, na mtu wa kuutazama.
Mwaka ule mtu huyo nilikuwa mimi.
Nilipewa fedha ya kununua mfinyanzi
nizibe tundu la fuko karibu na lango la maji.
Ngumi yangu ilipita mle na nafasi ikabaki.
Nikalijaza majani makavu, nikaligonga kwa koleo mara mbili,
fedha nikainywa.

Dhoruba ikaja Jumamosi, na maji hayakubisha hodi.
Alfajiri nilikuwa juu ya paa, nimekumbatia dohani.
Sikuomba. Ningeomba kwa mdomo gani?
Nilihesabu ng'ombe wa Marinus wakielea, matumbo juu,
kumi na mmoja. Wote niliwajua kwa majina.

Kisha akatokea Marinus mwenyewe
na mashua yake ya kubebea viazi.
Alinitupia kamba. Mikono ilikuwa imekufa ganzi, haikushika.
Akajizungushia kamba mkononi, akapanda kunibeba.
Wimbi likavuta mashua, kamba ikakaza,
vidole viwili vya kushoto vikasagika.
Daktari wa Goes aliviondoa wiki iliyofuata.

Nikalala ndani ya mashua kama gunia.
Akanisukumia kasia la pili.
"Piga. Jannetje na wanawe bado wako darini."
Sikupiga ili niokolewe, Joost.
Nilikuwa tayari nimo.

Lakini moyo ni karani mkaidi.
Maji yalipoondoka nikaanza kumlipa Marinus:
siagi, viazi, mpaka ndama wa mkopo.
Kila kitu kilirudi mlangoni kwangu kabla ya jioni.
Ndama alirudi ameshiba.

Mwaka wa tatu likanishinda. Nikaenda, nikasema yote:
tundu, majani makavu, fedha, pombe.
Marinus alikuwa akimenya tufaha,
amelibana kwa vile vitatu vilivyobaki.
"Najua," akasema. "Jioni ile nilikuona.
Nilijua kabla sijafungua mashua."

Nilitafuta pa kutazama, nikakosa.

Akanikatia kipande. "Kula.
Na siagi yako uache kuileta, Krijn, unanikosea.
Ukiona mikono inakuwasha, tuta lina matundu."

Basi, ndiyo teolojia yangu yote, haijazi hata risiti moja.
Nililitunza tuta kwa mshahara, nikaliibia.
Nikalitunza kwa hofu, na hofu ikanichosha kuliko mvua.
Tangu tufaha lile natembea tu,
kama mtu atembeavyo ndani ya nyumba aliyopewa,
akifunga dirisha linalopiga, bila kutumwa.

Nisikudanganye: zipo usiku ninazolala.
Baridi inanishinda, navuta blanketi.
Asubuhi naona haya, nachukua koleo,
wala hakuna aliyenirudisha juu ya paa.

Marinus amezikwa nyuma ya kanisa, upande wa upepo.
Jana, hatua arobaini kutoka lango la maji,
nimekuta tundu jipya. Dogo, kikombe kinatosha kulifunika.

Njoo Alhamisi, baada ya shule.
Vaa viatu vizito.
Mfinyanzi nimeshanunua.